Kikatio cha Maganda Kilichonivua Shati Ukweni

Wakuu, leo nimedhalilika ukweni, na sina uhakika kama bado naruhusiwa kupaita ukweni.

Baba yake Nyangeta, mchumba wangu, ni mwindaji. Bunduki yake ina leseni, na kibali cha kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani kimetundikwa sebuleni kwao Kiseke, juu ya picha ya harusi. Sasa, ganda la risasi likishapigwa hurefuka kidogo. Kabla ya kulijaza upya lazima mdomo wake ukatwe, lirudi saizi yake. Mzee alikuwa anatafuta kifaa cha kukatia, na kwa vile mimi nina duka la vifaa vya ufundi Nyakato, Nyangeta akamwambia mimi ni mtaalamu. (Mimi nauza. Kujua ni habari nyingine.)

Mzee bado hajakubali nilete washenga. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwonyesha kwamba binti yake anakwenda kwa mtu mwenye akili.

Nikapeleka vikatio viwili. Kimoja cha kuzungusha kwa mkono, kingine cha kufunga kwenye drili. Shikamoo, marahaba, soda ikaja. Mzee akashika kile cha mkono, akakizungusha taratibu, akasema kinamtosha, yeye hana haraka. Hapo ningenyamaza, saa hizi ningekuwa natafuta washenga.

"Mzee, hicho ni cha kizamani," nikamwambia. "Ngoja nikuonyeshe kazi."

(Cha kizamani! Kwa baba mkwe! Mdomo huu!)

Tulikuwa barazani. Nikachomeka drili, nikafunga kikatio, nikabonyeza kile kitufe cha kuifanya izunguke yenyewe bila kushikiliwa. Ganda la kwanza likakatika vizuri. La pili pia. Mzee akasogeza kiti aone. Moyoni nikaanza kujiita baba wa familia. La tatu lilikuwa gumu kidogo, nikaliegemeza tumboni nipate nguvu ya kusukuma.

Shati langu lilikuwa jipya, refu, na sikulichomekea. (Kitambi. Tusiendelee.) Kikatio kikadaka pindo. Kufumba na kufumbua shati linaviringishwa, vifungo vinaruka, drili inanipanda kifuani, na mimi sikumbuki kitufe kiko wapi. Nikaanza kuzunguka baraza zima nikipiga mayowe.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Nyangeta, na sinia la chai na viazi vitamu.

Sasa nisikilizeni. Wao ni watu wa Mara, na nyumbani kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hawapeani. Tangu nimfahamu mama yule tunasalimiana kwa mbali, yeye jikoni, mimi uani, kila mtu akiangalia pembeni. Leo, tumbo nje, nimemkumbatia. Kwa mkono uliobaki huru, mwingine umeng'ang'ania drili, na kwa nguvu zote.

"Mama, nakufa," nikamwambia sikioni.

Mzee ndiye aliyechomoa waya ukutani. Mama akajinasua, akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani. Nikabaki nimevaa kola na mikono miwili ya shati, viazi vimezagaa miguuni. Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni analia, au anacheka, sikuthubutu kumtazama vizuri.

Laiti mzee angenifokea. Hakunifokea. Alinipa fulana yake, akaketi, akachukua kile kikatio cha mkono, akaendelea na ganda langu la tatu, taratibu. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu washenga.

"Kijana, nenda kwanza ukapumzike," akasema.

Nimefika chumbani kwangu, nimelala kifudifudi. Naumia kifua, naumia roho zaidi. Nampenda yule binti, jamani. Sasa hivi ujumbe wake umeingia: "Pole. Baba anauliza, hivi una mdogo wako wa kiume?"

Ninaye. Hajaoa. Mnaomfahamu, naomba mkae kimya.