Aliyefutwa Atarudishwa

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye! Meneja ameniita. Wiki iliyopita mtu alifuta ripoti ya mwaka kwenye tovuti ya ofisi, pale sote tunapoweka mafaili yetu, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Sasa mimi nimepewa kazi ya kuweka mpango wa kuokoa vilivyofutwa. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Hakuhitaji. Niliona alivyofunga kalamu yake.

Karani wa masijala amesikia. Ana miaka ishirini na miwili kazini na makabati yake, na huniita "mwanangu" kwa sauti ya mtu anayechoma sindano. Ameuliza kama ninajua kwamba jalada la karatasi halijawahi kufutika hata siku moja. Nikamjibu kwamba kompyuta nayo haijawahi kuliwa na panya. Sote tukatabasamu. Vita.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umekamilika. Kumbe ni kisanduku kimoja tu kwenye mipangilio: unabofya "washa", unachagua siku thelathini, basi. Dakika kumi na moja, nane kati yake nikitafuta nenosiri. Aibu gani hii! Nani ataajiriwa kwa dakika kumi na moja? Nimejifungia hadi saa tisa alasiri, nikitoka mara mojamoja kupangusa jasho ambalo halikuwepo.

Ushindi basi uwe kwenye tangazo. "Mafaili yaliyofutwa yatarudishwa." Maneno baridi kama sakafu. Nikaamua kuyaandika mafaili kama watu. Nilipomaliza machozi yalinilengalenga:

"Kuanzia leo, aliyefutwa asikate tamaa. Hata kama alifutwa kwa hasira, au kwa bahati mbaya, ndani ya siku thelathini atarudishwa mahali pake, akiwa mzima, na kila kilicho chake."

Karani aliomba alitupie jicho kabla halijatoka. Nikamwambia kwamba shuleni Kiswahili nilikuwa wa kwanza, miaka minne mfululizo. Akasema haya, mwanangu, ila madereva na wapishi hawafungui hiyo tovuti yako. Kweli kabisa! Nimeliweka kwenye tovuti, kisha nikalichapa, nikaligonga mhuri wa ofisi, nikalibandika langoni.

Jumatano, 5 Juni

Watu sita langoni, saa moja na nusu asubuhi. Mbele yao dereva wa zamani, aliyefutwa kazi mwaka juzi kwa kupeleka gari la ofisi harusini na kulirudisha bila mlango mmoja. Alivaa sare. Imepigwa pasi! Akanishika mikono yote miwili, akaniita binti yake, akasema alijua tu iko siku ofisi hii itapata mtu mwenye utu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Lakini hakuna aliyewahi kuniita mtu mwenye utu. Meneja huniita "wewe wa kompyuta". Basi dereva alipouliza, kwa woga, kama miaka miwili si imezidi siku thelathini, nikajisikia nikimjibu kwamba muda unaweza kuongezwa. (Ni kweli! Mipangilio inaruhusu hadi siku tisini.) Mpishi wa zamani akapiga kigelegele. Mlinzi akawafungulia wote. Mhuri ni mhuri.

Alhamisi, 6 Juni

Meneja amerudi kutoka safarini, akafungua mlango wa gari lake, akakuta dereva. Anarekebisha kiti. Jikoni akakuta wapishi wawili wakigombania mwiko. Sasa anatafuta nani ameandika tangazo.

Langoni nilikuwa nimeshalibandua, nikalitia mkobani. Kwenye tovuti nikalifuta. Halijawahi kuwepo! Kikaoni nikatoa macho ya mtoto mchanga: tangazo gani?

Karani akainua mkono. Akasema yeye ni mtu wa karatasi, haya mambo hayaelewi, ila alidhani huyu mwanangu ametuwekea mpango wa kuokoa vilivyofutwa. Si tuujaribu?

Meneja akabofya. Sekunde mbili. Tangazo likarudi mahali pake, likiwa zima, na kila kilicho chake: limeandikwa na mimi, limefutwa na mimi, leo, saa mbili kasoro dakika nane.

Mpango unafanya kazi! Nilipiga makofi. Peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja amesema mpango ni safi, hajawahi kuona kitu ofisini humu kikifanya kazi namna ile. Kisha akanifuta.

Wale sita walishatolewa jana. Karani amenifungulia jalada la karatasi, jina langu limeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko mzuri sana. Akasema hili halifutiki, mwanangu. Sauti haikuwa na sindano. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbili nimewaza. "Hata kama alifutwa kwa hasira." Si mimi huyo? Tena hii ni siku ya tatu tu kati ya thelathini! Tangazo ninalo, lina mhuri, na nimelisoma upya mara nne. Halina kosa hata moja. Blauzi imepigwa pasi.

Dereva amepiga simu. Yuko langoni tangu alfajiri, amenishikia nafasi kwenye foleni. Mimi ni wa saba. Sauti yake ilikuwa ya wasiwasi kidogo. Nimemwambia atulie, ninakuja, na kwamba hata siku zikipita, muda unaweza kuongezwa.