Mistari Iliyokatika kwa Ukinzani Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi moja, watu wawili. Profesa ametangaza kwamba mtafiti msaidizi wa mkataba wa miaka mitatu atachaguliwa Ijumaa, baada ya kila mmoja kuonyesha modeli yake mbele ya idara. Mimi au Bi Hakiki. Nimempa jina hilo kwa sababu hanywi chai kabla ya kuhakiki kwamba ni chai.

Nyumbani nimewapa habari dada na shemeji. Shemeji akauliza, kwa mara ya tatu mwaka huu, kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia mistari ya sumaku kwenye Jua ni kama mipira iliyovutwa. Miwili inayoelekea pande tofauti ikibanwa pamoja, inakatika, kila kipande kinaungana na cha jirani, na nguvu iliyofungwa humo inafyatuka. Ndiyo milipuko ya Jua. Mimi naigiza hayo kwenye kompyuta. Akauliza kama naweza kuizuia. Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akasema duka lake la magodoro linahitaji mtu. Dada akamalizia: nisipopata nafasi Ijumaa, Jumatatu niko dukani. Kumbe aproni wameshanunua. Nimeijaribu. Inanitosha, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ni foleni ya kompyuta kuu. Bi Hakiki aliingiza kazi yake wiki mbili zilizopita, gridi ya miraba elfu nne kila upande. Yangu ni ya elfu moja, iko nyuma, na itaanza Jumapili. Jumapili! Nikamfuata msimamizi wa kompyuta, bwana asiyeinua macho. Akasema kazi ndogo hupenya mapema. Nikauliza ndogo kiasi gani. Ndogo sana, akasema, na akaendelea kuchapa.

Nimepunguza hadi miraba sitini na nne. Kipande cha Jua chenye upana wa nchi kadhaa, kimegawanywa kama sakafu ya bafu. Ikapenya. Ikaisha kabla sijamaliza chai.

Na imekubali! Mistari ikasogea, ikakatika, ikaungana upya, plazma, ile gesi ya moto ya Jua, ikaruka pande zote mbili, kwa kasi ileile inayopimwa kwenye Jua lenyewe. Watu wamezeeka wakiitafuta kasi hiyo. Mimi nimetumia kikombe kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Kasoro ndogo. Kupitia mipangilio, naona nilisahau kujaza ukinzani, yaani kiasi plazma inavyopinga umeme kupita. Umebaki sifuri. Sasa ukinzani ndio unaoruhusu mistari ikatike. Bila huo, kila kitabu kinasema, haikatiki kamwe.

Kisha nikaelewa. Wenzangu wote huweka ukinzani ndipo mistari ikatike. Mimi sikuweka chochote, na imekatika. Hii si kasoro, ni ugunduzi. Nimebadilisha kichwa cha mada yangu.

Bi Hakiki akapita, akachungulia, akauliza kwa upole gridi yangu ina ukubwa gani. Nikasema inatosha. Akasema nikitaka tunaweza kuijaribu pamoja, kwa miraba midogo zaidi, nusu saa tu. Wivu mtupu. Nikajidai nabanwa, nikaenda msalani. Nimekaa huko robo saa, maana alikuwa bado ananisubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Picha zangu zinaonyesha miraba waziwazi, kama vigae. Nimebonyeza kitufe cha kulainisha mara nne. Sasa hakuna kigae, na rangi ni ya chungwa, mtu anatamani kuilamba.

Nimewaalika dada na shemeji waje wanione. Shemeji atafunga duka nusu siku. Dada anasema hakufanya hivyo hata walipooana.

Ijumaa, 7 Machi

Nilianza vizuri. Nilipotaja ukinzani sifuri, Profesa alikunja uso. Nikadhani ni heshima. Bi Hakiki alitazama sakafu, na hilo nalo nikalihesabu kuwa langu.

Kisha shemeji akanyoosha mkono. Akaomba radhi kwamba yeye ni muuza magodoro tu. Amefurahia picha. Lakini kama nilichosema ni kweli, na hapo hapana kitu chochote cha kuikata mistari, nani ameikata?

Profesa akauliza gridi ina miraba mingapi. Nikakohoa. Akauliza tena. Nilipojibu, mtu nyuma alicheka, akajikausha. Profesa akaniagiza niendeshe palepale, miraba mara mbili. Tukasubiri wote, projekta ikivuma. Kasi ikashuka karibu nusu. Mara mbili tena. Ikashuka tena.

Profesa akamweleza shemeji, si mimi. Mistari inapokutana pana utando mwembamba mno. Miraba yangu ilikuwa minene kuliko utando, kwa hiyo kompyuta ikawa inakadiria, na makadirio ndiyo yaliyokata. Nimepima kosa la kompyuta, sikupima Jua. Shemeji akasema basi ni sawa na kupima unene wa godoro kwa hatua za miguu. Profesa akacheka mpaka akavua miwani, akamkaribisha aje kila Ijumaa.

Nafasi amepewa Bi Hakiki. Alinifuata, akanipa pole, akasema hilo ndilo alilotaka kunionyesha Jumatano. Niliumia. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nikakaa kwenye ngazi za idara mpaka dada akaja kunishika mkono, na hakunisema njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Dukani, juu ya godoro la inchi nane. Wateja hakuna.

Profesa amepiga simu asubuhi. Imepatikana nafasi nyingine, ya miezi sita, na amesema bado hajanikatia tamaa. Sharti ni moja. Nirudie kazi nikiwa na ukinzani wa kweli, kwa gridi tatu, kila moja yenye miraba midogo kuliko iliyotangulia, nimwonyeshe kwamba jibu halibadiliki. Mwisho Ijumaa. Nimepiga hesabu: gridi zote tatu ni siku kumi na moja.

Safari hii sikukurupuka. Ukinzani nimejaza, nikautazama mara mbili. Nikaendesha gridi ya kwanza, ile inayopenya foleni. Halafu nikanakili matokeo mara mbili, nikayaita ya pili na ya tatu. Jibu halibadiliki hata kwenye desimali ya tisa. Ulinganifu wa namna hii sijawahi kuuona kwenye jarida lolote.

Nimemtumia Profesa kabla ya chakula cha mchana, siku nne kabla ya muda. Nakala nimempelekea Bi Hakiki, apate kuona kazi iliyohakikiwa inavyokuwa.