Mafuta ya Kulainisha Wabishi

Katika mji mzima wa Nabeul, huku Tunisia, haujazaliwa mkono wa kuulegeza ulimi wa Lamjed. Mwenyewe alisema hivyo kila siku, bila kuulizwa, naye ni mtu wa kuaminika katika kila jambo isipokuwa maneno yake.

Asubuhi moja, msimu wa maua ya midanzi, ile michungwa michungu, alikuwa hamamuni akivua kanzu aliposikia mtu akilalama. Alikuwa Haji Ferjani, tajiri ambaye kitambi chake na tamaa yake vilikua pamoja kama mapacha. Jirani yake alikataa katakata kumuuzia shamba la midanzi.

Lamjed akasogea, futa, lile taulo la hamamu, kiunoni, adabu usoni.

"Haji wangu, mbishi habembelezwi, anasingwa. Mpake mafuta ya maua ya mdanzi, yakishaingia mgongoni moyo unalainika, ile 'hapana' yake yote inamtoka."

"Utayatoa wapi?"

"Nimeyakeneka mwenyewe, kwa mtungi wa shaba wa marehemu bibi! Chupa kumi, unipe ile pikipiki yako, tuachane salama."

Mtungi ulikuwapo kweli, ndio urithi wake pekee. Ila kukeneka, kuyachemsha maua mpaka mvuke wake utoe mafuta, ni kukaa motoni kutwa, na Lamjed na kazi hawajawahi kujuana. Chupani mlikuwa na mafuta aliyomaliza kukaangia muuza bambaluni, yale maandazi ya duara, na ua moja la ushahidi.

"Basi lala wewe kwanza," Haji akasema. "Shadli akusinge, tuone."

Lamjed nusura acheke. Alegezwe na mafuta ya bambaluni? Akajilaza kwenye jiwe la moto, akafumba macho, tayari kuigiza. Ndiyo maana hakuiona chupa ndogo ambayo Haji alimpenyezea Shadli mkandaji.

Viganja vikatua mabegani. Harufu ikapanda, na haikuwa ya bambaluni. Ilikuwa ya jiko la bibi, majira kama haya, mtungi ukitoka jasho, bibi akifoka, "We Lamjed, usitoke hapo motoni!" Mabega yakashuka. Taya likaning'inia. Machozi yakamtoka, yeye husema ulikuwa mvuke, na tumwachie hilo.

"Vipi, mwanangu?" Haji akauliza, mpole kama paka mbele ya samaki.

"Haji, nisamehe! Chupa zangu ni mafuta ya bambaluni!"

"Nilikunusa tangu mlangoni. Hayo uliyopakwa ni ya bibi yako, Mungu amrehemu. Alimpa mke wangu, nami huja nayo hamamuni. Na mtungi wake?"

"Una vumbi tu, Haji. Bibi angenichapa!"

"Nipe mimi niutie moto."

"Chukua, ndugu yangu! Chukua!"

Hamamu nzima ikasikia. Lamjed alipomwagiwa maji ya baridi, akili ikarudi. Akatoka mbio na futa yake hadi nyumbani. Pikipiki ya Haji ilikuwa imefika mlangoni kweli, ila ilikuwa ikiondoka, na mtungi umefungwa nyuma.

Mimi sikuwapo, nilisimuliwa tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu mkahawani, Shadli akaweka kikombe chini.

"Hukuwapo? Na nani alilala jiwe la pili, akaniambia nisimguse ila kwa mafuta ya Lamjed, maana yeye keshanunua chupa mbili? Sogea huko, bwana. Mpaka leo unanukia bambaluni."