Vita vya Mfungasha na Tarumbeta Isiyo Huru

Zimeni redio, enyi mlioketi na mliosimama. Mwenye chai jikoni na aiepue, isije ikafurika kwa ajili ya habari hii! Namleta kwenu Mfungasha, mwana wa Fundi Cherehani, simba wa kibodi, mnywa chai iliyopoa, mwenye amana ya kufungasha programu ya kufundishia kuchapa na kuipeleka katika ghala kuu la programu huria, igawiwe watu wote.

Asubuhi hiyo ukashuka waraka wa walinzi wa ghala: “Kifurushini mwako imejificha faili ya tarumbeta. Leseni yake yasema: sikilizeni, lakini msibadilishe wala msiuze. Humu hakikai kisicho huru: itoke kabla ya adhuhuri, au kifurushi kizima kitoke!”

Shujaa akausoma waraka mara mbili. Hakuiogopa faili, hata kidogo. Alimwonea huruma mama yake, Fundi Cherehani. Mshonaji huyo mstaafu alikuwa meza ya pili, amefika somo la ishirini, la mwisho, na tarumbeta ile ndiyo hulia mtu anapohitimu. Miezi mitatu ameisubiri, na kompyuta yake ndiyo ya kujaribia kila kifurushi kipya.

Wajibu ni wajibu. Akaifyeka kwa pigo moja! Saa nne waandishi wa programu wakatoa toleo jipya, akalipokea, na lo! tarumbeta imerudi, tena imenenepa. Kumbe alifuta kwa mkono tu, bila kuandika katika daftari la mabadiliko, lile linalokumbuka kila kilichoingia na kutoka. Haraka haraka haina baraka, hata kwa simba.

Ndipo akafungua tawi lake daftarini, nakala ya pembeni ya kuandikia mabadiliko yake mwenyewe, akaifuta humo kwa maandishi, akaliita toleo jipya liungane nalo. Daftari likapiga ukelele: “Huku imefutwa, kule imebadilishwa. Nifuate lipi?”

“Fuata neno langu!” akanguruma, akabonyeza. Tarumbeta ikaanguka, isiinuke tena.

“Mama, nisamehe. Utahitimu kimya kimya.”

“Kimya? Mimi niliyeshonea shule nzima sare, nihitimu kama mwizi?”

Akachapa mstari wa mwisho, akatwaa mfuniko wa sufuria na mwiko, akaugonga mara tatu hata paka akatoka mbio. Mfungasha akawasha kinasa sauti.

“Rudia, Mama. Na leseni yake?”

“Leseni ya mfuniko? Achukue anayetaka, abadilishe, agawe, hata auze akipata mjinga wa kununua!”

Dakika saba kabla ya adhuhuri kifurushi kikavuka lango. Na iandikwe kwamba tangu siku hiyo, kila ahitimuye kuchapa, popote alipo, hugongewa mfuniko huo. Fundi Cherehani alihitimu mara nne kabla ya chakula cha mchana.