Kamera ya Kulinda Dagaa

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimerudi kutoka Bunda na mkombozi wangu. Kamera ya intaneti! Kichwa kinazunguka, ina spika, inawekwa laini kama simu. Basi tena kukaa juani kufukuza kunguru kwenye vichanja vya dagaa vya Mama. Nitalinda nikiwa ndani, huku najiandaa kwa mdahalo wa Ijumaa. Mshindi ataiwakilisha shule Butiama. Lazima niwe mimi.

Muuzaji alisisitiza nibadilishe nywila ya kiwandani. Ya nini? Imeandikwa chini ya kamera. Nikiisahau, naigeuza tu. Akili!

Jumapili, 2 Machi

Nimeipiga picha kamera pande zote, hata chini, nikaziweka kwenye kundi la darasa. Ryoba, mpinzani wangu wa mdahalo, hajawahi kunisifu tangu kidato cha kwanza. Leo kaandika, "Hongera, Profesa! Hiyo picha ya chini haisomeki vizuri, piga kwa karibu kidogo." Nimeipiga tena kwa karibu. Kumbe wivu humtia mtu adabu.

Jumanne, 4 Machi

Mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Mbele ya dagaa, wala! Nimetoa hotuba nzima pale kwenye vichanja: teknolojia inaleta usalama kuliko hatari. Kila nilipotembea, kamera ikanifuata kwa kichwa. Hata mashine imevutiwa!

Kwenye hoja ya tatu ikakohoa. Mama akasema mashine hazikohoagi, niizime. Nikamweleza kwamba ni vumbi la dagaa kwenye spika. Nimeifuta kwa kanga yake. Amenuna.

Alhamisi, 6 Machi

Bata wa jirani yetu Getruda wamevamia vichanja. Kabla sijatoka, kamera yenyewe ikafoka, "Shii! Tokeni hapo!" Bata mbio. Inajifunza! Hiyo sasa ni hoja ya nne.

Mama ameuliza mbona inaongea kama Ryoba. Nimemwambia spika ndogo hufananisha sauti zote.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba. Nilianza vizuri. Ryoba akasimama bila hata karatasi. Akamwomba Mwalimu Nyamburi ruhusa ya kuonyesha ushahidi, akawasha projekta. Ukutani nikatokea mimi, na bukta ya kulalia, nawahutubia dagaa. "Ndugu mwenyekiti!" Kisha sauti ya Mama: "Waache wakauke, umewachosha!" Darasa zima likaangua kicheko. Ryoba akasema hana la kuongeza.

Butiama anaenda yeye. Mwalimu ameniambia nibadilishe nywila leo hii.

Jumamosi, 8 Machi

Mama anataka niing'oe kamera, nirudi juani. Kamwe! Kosa nimeligundua: kamera ilikuwa peke yake, haina wa kuilinda. Nimerudi Bunda, nimenunua ya pili iitazame ya kwanza.

Na nywila zimebadilishwa, zote mbili. Ryoba amekuja mwenyewe kuniwekea, maana hizi mashine anazijua. Amesema nisijisumbue kuzikariri, atanikumbushaga yeye.

Kumbe ni mtu mwema.