Umati wa Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa video katupa kazi. Kila mmoja atengeneze video ya muziki, afuate kanuni za aina ya muziki anayoichagua, kisha avunje mojawapo kwa makusudi. Nimechagua rapu. Kanuni zake nazijua: gari la maana, mkufu, miwani ya jua hata gizani, na umati wa marafiki wanaorusha mikono nyuma ya msanii. Gari nitaazima kwa mjomba. Mkufu ninao. Shida ni marafiki. Tangu nihamie nyumba hii ya wapangaji, anayenijua kwa jina ni mlinzi wa getini, na hata yeye hulikosea.

Mpinzani wangu darasani, tunayemwita Bosi, tayari ana kundi zima. Anawaomba tu, wanakuja. Mtu hana haya kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata mbinu. Kuomba ni kujishusha. Watu hukimbilia kilicho adimu. Nimebandika tangazo chuoni: wanatakiwa waigizaji wa video ya rapu, Jumamosi asubuhi, nyuma ya maktaba. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: nafasi zinakaribia kujaa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, dada anayesomea uimbaji, alisimama akalisoma. Akaniuliza kama bado anaweza kupata nafasi. Nikamwambia hali ni ngumu ila nitaona. Akasema haya, akaenda zake. Nilifurahi kuona alivyovutika.

Jumamosi, 9 Machi
Mjomba kaja. Nilisahau kuuliza ni gari gani. Yeye hufundisha udereva. Juu ya paa kuna kibao kikubwa, MWANAFUNZI, na hataki kiguswe. Nikamwambia sawa, hiyo ndiyo kanuni nitakayoivunja.

Umati haukuja. Nilitazama njia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mjomba akauliza wenzangu wako wapi. Nikasema wamekwama. Akavua koti, akauliza anisaidie vipi.

Basi nikaweka kamera juu ya stuli. Nikarapu mbele ya gari. Nikabadilisha shati, nikawa mlinzi wa msanii. Nikavaa kofia, nikawa shabiki. Mjomba alirusha mikono nje ya mdundo, uso mkavu, kama anayesimamisha magari. Mstari wa “wanangu wote tuko hapa” niliurudia mpaka sauti ikakauka.

Alhamisi, 14 Machi
Tumeonyesha kazi zetu. Ya Bosi ilikuwa na umati, moshi, kila kitu. Mwalimu akasema inafanana na video zote alizowahi kuona. Yangu ilipoanza, watu walikicheka kile kibao. Halafu nikatokea na kofia, najishangilia mwenyewe, na kicheko kikakatika.

Mwalimu akasema msanii wa rapu huonyeshwa amezungukwa na watu. Hapa tunamwona mtu anajigamba na hana wa kumsikia. Akauliza kama nilikusudia. Nikasema nilipanga tangu mwanzo. Nikapewa alama za juu kuliko wote. Sikujua niangalie wapi.

Yule dada alikuwa amekuja kutazama. Akanisimamisha mlangoni.

“Mimi na wenzangu tulitaka kuja,” akasema. “Si ulisema utaona? Nafasi zilijaa?”

Nikasema ndiyo, zilijaa.

Jumamosi, 16 Machi
Yule dada kagonga mlango asubuhi. Jioni anapika na wenzake, Bosi pia yupo, niende tule pamoja. Nilitamani mpaka tumbo likanguruma, nadhani alisikia. Lakini anayekubali upesi huonekana hana watu. Nikamwambia wiki hii nimebanwa sana, nitaangalia ratiba. Akasema usijali, siku nyingine.

Sasa nimekaa kitandani na mkate. Ukutani nasikia vijiko, mtu anasimulia kitu, wote wanacheka. Nimezima taa ili wajue nimetoka. Nadhani wameanza kuniulizia.