Shingo ya Bosi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Itigi nzima hakuna mwenye bahati kama mimi, Laurian muuza asali! Wenzangu wanahangaika kutafuta mwili, mimi nanenepa bila hata kula. Shati halifungi shingoni. Vijana wa stesheni wananiamkia shikamoo, wengine nimewazidi mwaka mmoja tu! Mtani wangu Melkiori, wivu mtupu, kasema nimemeza kiazi kikakwama. Nikamjibu hiyo ni shibe. Jua linachoma, mimi nimevaa koti, nasikia baridi. Mabosi ndivyo tulivyo.

Jumatano, 8 Oktoba
Dada Ritha haniiti bosi. Kanishika shingo, kanigeuza kwenye mwanga. Halafu kasema lithiamu ninayomeza kwa ajili ya sonona huweza kuilaza tezi ya shingo, ndiyo maana kliniki wanataka damu. Wapi! Wakiikuta imelala, dawa wataninyang'anya. Kabla ya dawa ile nilijifungia ndani msimu mzima wa asali. Sikutaka hata kukuche. Sirudi kule.
Mpango umepatikana! Mdogo wangu Obadia ana damu safi. Atatoa yeye, kwa jina langu. Akili hizi darasani hawafundishi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Obadia katoa. Mtu aliyezoea nyuki wa msitu wa Rungwa, sindano moja kazimia! Soda juu yangu.

Jumatano, 15 Oktoba
Balaa. Nimefuata majibu na Dada Ritha, skafu shingoni. Tezi nzima kabisa! Ila kwenye damu hakuna lithiamu hata chembe. Daktari Catherine akasema natupa dawa, au dozi ni ndogo, akashika kalamu aongeze. Nikatabasamu kama mjinga. Dada Ritha akaangua kilio. Akaniambia ni yeye aliyenikuta siku ile, aliyenifungua kamba shingoni kwa mikono yake, nisimpe kazi hiyo mara ya pili. Nikavua skafu, nikasema ile damu ilikuwa ya Obadia, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 17 Oktoba
Tezi imelala kweli. Daktari hakuninyang'anya kitu! Kaongeza kidonge kidogo cha kuiamsha, kila asubuhi kabla ya chai. Lithiamu naendelea nayo. Dada kalala mchana, mara ya kwanza wiki hii.
Ila watapima tena. Wakikuta haijaamka, je? Kosa langu lilikuwa Obadia. Safari hii namtaka mtu anayemeza lithiamu kama mimi, lakini mwenye tezi nzima. Pale kliniki kuna Paskali mmoja, mpole, shingo nyembamba. Nitampelekea asali.
Na ile bahati niliyoiandika ni uongo. Hakuna bosi hapa. Naumwa, na naogopa.